Nani Amewaua Samaki Bwawani?

Mazungumzo juu ya afya ya samaki katika bwawa la nyumbani



Maneno yangu ya leo ni juu ya samaki wafugwao katika bwawa dogo la nyumbani, yaani lile bwawa ambalo mtu hulichimba nyuma ya nyumba yake, kando ya migomba au chini ya bustani ya mboga. Huenda jambo hili likaonekana kuwa dogo. Walakini kila afugaye samaki anaijua asubuhi moja aiogopayo: huamka, huenda bwawani na pumba zake mkononi, na huko huwakuta samaki mia mbili au mia tatu wakielea, matumbo yao yakiwa juu. Kazi ya miezi saba imekwisha katika usiku mmoja. Fedha zilizokuwa zimekwisha kuhesabiwa kuwa ada ya shule zimepotea.

Na hasara hiyo haiji peke yake. Baadaye huja maneno. Watu hukumbuka ya kuwa fulani alipita karibu na bwawa jana jioni. Wengine hukumbuka kwamba mwingine hakufurahi siku bwawa lilipochimbwa. Mwenye bwawa huenda kwa chifu kushtaki kuwa ametiliwa sumu, na majirani waliokuwa wakiazimana majembe tangu zamani za baba zao huacha kusalimiana. Ndiyo sababu nimeona yafaa tuanze na swali moja: ni nani aliyewaua samaki? Mara nyingi jawabu lake si jirani, wala si ugonjwa. Ni maji yenyewe, na maji huonyesha dalili kabla hayajaua.

Ufugaji wa samaki si jambo geni katika nchi yetu ya Kenya. Trauti waliletwa katika mito ya milimani mnamo mwaka 1905, na perege walianza kujaribiwa katika mabwawa mwaka 1924. Mwaka 1948 vilianzishwa vituo viwili, kimoja Sagana kwa samaki wa maji ya vuguvugu, na kimoja Kiganjo kwa trauti. Katika miaka ya 1960 watu walihimizwa wale samaki zaidi, wakachimba mabwawa kwa maelfu. Lakini mengi yaliachwa baada ya muda, kwa kuwa yalijaa perege wadogo kama vidole ambao hawakufaa hata kwa mchuzi. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango mwingine wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, kila bwawa likiwa na eneo la meta 300 za mraba. Baadhi ya mabwawa hayo yaliendelea kutoa samaki. Mengine yaliota matete. Kwa maoni yangu, watu wengi walifundishwa kuchimba vizuri kuliko walivyofundishwa kuyatazama maji.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya majina. Samaki nitakayemtaja zaidi ni perege, ambaye Wajaluo humwita ngege, na ndugu zetu wa Tanganyika, ambayo sasa ni Tanzania bara, humwita sato. Wa pili ni kambale, yule mwenye ndevu na ngozi isiyo na magamba. Trauti simsemi sana, maana yeye hutaka maji baridi yatiririkayo daima, na mwenye maji ya namna hiyo ni mtu wa mlimani mwenye mto mlangoni pake.

Sasa na tuingie katika shina la habari. Samaki huvuta pumzi kama sisi, ila hafanyi hivyo kwa mapafu. Maji huingia kinywani mwake, hupita katika matamvua mekundu yaliyo ndani ya mashavu, na hapo huchukuliwa ile hewa iitwayo oksijeni iliyoyeyuka majini. Watu husema samaki anakunywa maji; kwa kweli anapumua. Naye ana hewa kidogo mno kuliko sisi. Lita moja ya hewa tunayovuta ina oksijeni ipatayo miligramu 280. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 20, hata yakiwa yameshiba hewa, haichukui zaidi ya miligramu 9 hivi. Maji hayo yakipata joto la nyuzi 30, huchukua miligramu 7 na nusu tu. Tena kadiri bwawa lilivyo juu milimani ndivyo maji yanavyozidi kuchukua kidogo. Basi samaki huishi siku zote karibu na ukingo wa njaa ya hewa, na kosa dogo la mwenye bwawa humsukuma akavuka.

Hewa hiyo hutoka wapi? Sehemu yake hutoka kwa upepo na kwa maji yanayoporomoka kutoka mferejini. Lakini katika bwawa lililotulia, nyingi hutoka kwa mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo inayoyapa maji rangi ya kijani. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo hutengeneza oksijeni na kuitoa majini. Mtu akilitazama bwawa lake saa tisa alasiri huliona zuri, samaki wakicheza. Jua likishatua, kazi hiyo husimama. Usiku kucha mimea yenyewe huvuta hewa, samaki huvuta, na matope ya chini yaliyojaa kinyesi na mabaki ya chakula nayo huvuta, kwa kuwa kila kitu kinachooza hula oksijeni. Hakuna anayerudisha. Hivyo akiba hupungua saa baada ya saa, na wakati wa shida kubwa kuliko yote ni ule wa alfajiri, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, kabla ya jua kuchomoza. Mwenye bwawa wakati huo amelala.

Yafahamika basi kwa nini bwawa lililokuwa kijani sana, ambalo mwenyewe alijivunia kwa rangi yake, ndilo lililo hatarini. Mimea ikizidi mno, mchana hujaza hewa na usiku huimaliza. Tena ikitokea siku mbili tatu za mawingu mazito, kama zile za Julai huko Nyeri na Murang'a, mimea hukosa jua, hufa kwa pamoja, na huanza kuoza. Maji yaliyokuwa kijani hugeuka kuwa ya kahawia au meusi, na hutoa harufu. Usiku unaofuata ndio usiku wa kufa. Mvua kubwa ya ghafula baada ya siku za joto nayo yaweza kufanya vivyo hivyo: maji baridi hushuka chini, yakayachochea maji mabovu ya sakafuni na kuyapandisha juu.

Nilisema maji huonyesha dalili. Dalili ya kwanza ni samaki wenyewe. Amka siku moja kabla ya jua, uende bwawani kimya kimya bila kurunzi kali. Ukiwaona samaki wamepanda juu ya maji, vinywa vyao vikifunguka na kufunga kana kwamba wanasema nawe, fahamu kuwa hawana hewa. Wengine hudhani samaki hao wana njaa, wakawatupia pumba. Hapo ni kuongeza kuni motoni. Ukiwapigia makofi wakashuka, kisha wakarudi tena mara moja, hali ni mbaya.

Dalili ya pili hupimwa kwa mkono wako. Simama ukingoni mchana, nyosha mkono, ukautie majini wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kukutazama. Zamisha polepole. Kiganja kikitoweka machoni wakati maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko au karibu nacho, rangi ya maji ni ya kadiri. Kikitoweka kabla maji hayajafika nusu ya kigasha, mimea imezidi. Acha mbolea kabisa, punguza chakula, na uingize maji mapya. Maji yakifika juu ya kiwiko na kiganja kingali kinaonekana waziwazi, bwawa lina njaa, nalo lataka mbolea kidogo. Lakini kipimo hiki ni cha maji ya kijani. Kama ni matope tu yaliyochafua, mkono wako utakudanganya.

Je, ukikuta samaki wanahema, ufanye nini? Fungua mfereji, uingize maji mapya, na yaache yaanguke kutoka juu, yapige jiwe au ubao ili yachanganyike na hewa. Hata maji ya kisima huwa na oksijeni kidogo mpaka yarushwe. Kama una bomba la kutolea maji chini, toa yale ya sakafuni kwanza, maana ndiyo mabovu. Asiye na mfereji na achukue ndoo, awaite watoto wakubwa, wachote na kumwaga kutoka kimo cha kichwa bila kupumzika mpaka jua lipande. Ni kazi ya kuchosha. Siku hiyo na ile ya pili usiwape samaki chakula chochote.

Sasa turudi kwa yule aliyekwenda kwa chifu. Samaki wamekwisha kufa, naye ataka kujua sababu. Maiti hao wana ushahidi kwa mtu ajuaye kuwahoji. Kama walikufa kwa kukosa hewa, walikufa usiku au alfajiri, wote kwa pamoja. Aghalabu wale wakubwa ndio waliotangulia, na wadogo wengi wamepona. Vinywa vyao viko wazi na mashavu yamepanuka. Tena kama bwawani mlikuwa na kambale, yeye yu hai, kwa kuwa kambale ana kiungo maalumu kimwezeshacho kupanda juu na kuvuta hewa ya mbinguni kama sisi. Kambale akiwa mzima katikati ya perege waliokufa, ni shahidi mkubwa wa kumtetea jirani.

Sumu huwa na desturi nyingine. Huua saa yoyote, hata adhuhuri. Samaki wadogo mara nyingi hufa kwanza. Wengine huonekana wakienda mbio ovyo, wakizunguka, wakijirusha ukingoni. Wala haiwachagui perege peke yao: kambale hufa, viluwiluwi hufa, na wadudu wa majini hufa. Ukiona hata wale wadudu watelezao juu ya maji wametoweka, hapo una haki ya kushuku.

Lakini hata hivyo, usimfikirie jirani kwanza. Fikiri maji yako yapitia wapi. Mtu wa juu yako alipulizia kahawa, kisha akaoshea bomba lake katika mfereji. Josho la ng'ombe limefurika kwa mvua. Mruturutu utumiwao kuzuia magonjwa ya mimea ni sumu kali kwa samaki, hasa katika maji laini ya milimani. Na lile ua letu la pareto, ambalo limewapatia wakulima wa nyanda za juu fedha nyingi, na ambalo mtu na ng'ombe hawaliogopi sana, humwua samaki kwa kiasi kidogo kabisa. Na dawa nyingi za viwandani zilizoigwa kutoka pareto ni kali zaidi kwake. Hapo hakuna aliyekusudia uovu. Dawa ya kuzuia jambo hilo ni kukaa na wenzako wa mfereji mmoja na kupatana: siku ya kupulizia dawa, mwenye bwawa aambiwe jioni iliyotangulia ili afunge mlango wa maji.

Kama ungali unashuku sumu, jaza chupa safi kwa maji ya bwawa siku ile ile, uchukue na samaki wawili watatu ambao ndio kwanza wanakufa, si wale waliooza, uwaweke katika barafu, na uvipeleke kwa afisa wa samaki wa kaunti yako upesi. Maneno matupu ya kesho yake hayathibitishi kitu. Na samaki waliokufa kwa sababu usiyoijua usiwale, usiwauze, wala usiwape mbwa. Wazike mbali na maji.

Ugonjwa nao una mwendo wake. Hauji usiku mmoja ukawamaliza wote. Leo hufa wawili, kesho watatu, keshokutwa sita. Kabla ya kufa samaki hujitenga na wenziwe, hukataa chakula, hujisugua ubavu kwenye mawe, au huogelea kama mlevi. Ukimshika huona vidonda vyekundu, mapezi yaliyoliwa, tumbo lililovimba, au kitu cheupe mfano wa pamba kilichoota juu ya ngozi. Ile pamba ni kuvu. Kuvu haianzi kwa samaki mzima. Huingia mahali palipokwisha kujeruhiwa, hasa baada ya kuvuliwa kwa wavu mkavu, au kushikwa kwa mikono mikavu iliyoondoa ule utelezi wa mwilini. Ule utelezi ndio ngao yake. Lowesha wavu na mikono kabla ya kumgusa, na umerudishe majini haraka.

Kwa samaki wachache wenye kuvu au vijidudu vya ngozi, chumvi ya jikoni yafaa. Tia gramu 200 za chumvi katika debe la maji ya bwawa la lita 20, ikoroge mpaka iyeyuke yote, kisha uwatie samaki kwa muda wa nusu saa. Usiondoke. Samaki akilala ubavu, mtoe mara moja umrudishe katika maji safi. Zaidi ya hapo sipendi kuwashauri watu wa nyumbani watumie dawa. Zile dawa za vijidudu wanazouziwa wafugaji wa kuku, mtu akizimwaga ovyo bwawani, hubaki katika nyama atakayokula mwanawe, tena huwafundisha vijidudu kuzoea dawa.

Afadhali kuuzuia ugonjwa mlangoni. Vifaranga vya samaki vinunuliwe mahali pajulikanapo, kwa mtu awezaye kukuonyesha samaki wazazi. Usichote vifaranga mtoni, wala usiazime wavu wa bwawa lenye ugonjwa bila kuusafisha na kuuanika juani mpaka ukauke kabisa. Mwaka 2014 wataalamu wa Israeli walieleza habari za kirusi kipya kiwauacho perege, na baadaye kilionekana katika nchi nyingine nyingi za dunia. Kirusi hicho hakina dawa. Vifaranga vinapofika, usivimwage majini papo hapo. Weka mfuko wao juu ya maji kwa robo saa au zaidi, kisha uingize maji ya bwawa kidogo kidogo, hata joto la ndani na la nje lilingane, ndipo uwaache watoke wenyewe.

Nimekwisha kutaja chakula na mbolea, na hapo ndipo watu wema hukosea kwa ajili ya wema wao. Mama wa nyumbani anayependa samaki wake huwapa pumba asubuhi, ugali wa jana adhuhuri, na mboga zilizobaki jioni. Chakula ambacho samaki hawakukila si zawadi. Hushuka chini, huoza, na usiku hula hewa yao. Wape mara mbili kwa siku: saa nne asubuhi, jua likiwa limeanza kuyapasha maji joto, na saa kumi alasiri. Tupa mahali pamoja kila siku, kidogo kidogo, na uangalie. Kile wakimalizacho katika robo saa ndicho kiasi chao. Siku ya baridi na mawingu wape nusu, au usiwape. Perege hupenda joto la nyuzi 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hamu yake ya kula hupungua sana.

Pumba za mahindi au za mchele peke yake hushibisha bila kujenga mwili. Zichanganye na dagaa waliosagwa au mashudu ya alizeti. Majani ya viazi vitamu na ya muhogo, yakikatwakatwa, perege huyala vizuri. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape kwa kusema hao ni samaki tu. Sumu ya ukungu huo hudhuru maini yao kama idhuruvyo yetu.

Mbolea ya ng'ombe au ya kuku si chakula cha samaki, ingawa wengi hufikiri hivyo. Ni chakula cha ile mimea ya kijani, nayo huwalisha samaki. Yafaa iwe imekauka, na iwekwe katika pembe moja ya bwawa ndani ya uzio wa vijiti, ili uweze kuiondoa maji yakizidi kuwa kijani. Anayejenga banda la kuku juu ya bwawa ili kinyesi kianguke chenyewe amejinyima uwezo wa kusema basi.

Idadi ya samaki nayo ni afya. Bwawa la meta 10 kwa 15 lina meta 150 za mraba. Samaki wawili au watatu kwa kila meta moja hufanya 300 hadi 450, na hao watosha kwa mtu asiye na mashine ya kupuliza hewa majini. Shida ya perege ni kwamba huzaa mapema, kabla hajafika umri wa miezi sita, na jike hulea mayai na watoto ndani ya kinywa chake, hivyo wengi hupona. Usipoangalia, 300 huwa maelfu, wote wakigombea pumzi moja na chakula kimoja, na hapo ndipo tunapowapata wale perege wa vidole waliowavunja moyo watu wa miaka ya 1960. Kwa sababu hii wengi hufuga madume peke yake, ambao hukua upesi kuliko majike. Mwenye subira aweza kuwachagua kwa macho wakiwa na uzito wa gramu 20 au 30: chini ya tumbo dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Njia nyingine ni kutia kambale wachache ili wale watoto wa perege, lakini kambale hao wawe wadogo kuliko perege siku ya kuwaingiza, wasije wakala mtaji wenyewe.

Neno kwa wenzetu wa mjini wanaofuga samaki katika hodhi ya saruji au tangi nyuma ya nyumba. Saruji mpya hutoa chokaa kali majini. Jaza maji, yaache siku kadhaa, yamwage, ujaze tena, na ufanye hivyo mara kadhaa kabla ya kutia samaki. Maji ya mfereji wa mji yametiwa klorini ili yasituambukize maradhi, na klorini huunguza matamvua ya samaki. Yaache katika chombo kilicho wazi juani kwa siku mbili kabla ya kuyatumia, na unapobadilisha maji usibadilishe yote, bali sehemu ndogo tu kwa mara moja.

Kingo za bwawa zifyekwe. Nyasi ndefu zinazolala majini huwaficha mabuu ya mbu wasifikiwe na samaki, na huwapa makao konokono wa kichocho, nao ni ugonjwa wa binadamu. Mtu asikojoe karibu na bwawa, na aingiaye kuvua na avae viatu vya mpira. Mdiria na mnandi hufukuzwa kwa nyuzi zilizovutwa juu ya maji. Kenge na fisi maji kwa uzio. Uzio huo huo, wenye mlango ufungwao, ni wa lazima kwa jambo lililo zito kuliko samaki wote: bwawa la kina cha meta moja latosha kumzamisha mtoto, na mtoto huzama bila sauti. Nyumba yenye mtoto anayejifunza kutembea isijaze bwawa kabla uzio haujasimama.

Baada ya kuvua, miezi saba au minane kupita, usikimbilie kujaza tena. Toa maji yote. Ondoa matope meusi, ambayo ni mbolea bora kwa migomba na sukumawiki. Yaache matandiko ya bwawa yapigwe na jua mpaka yapasuke nyufa za kuingia kidole. Jua huua mayai ya vijidudu na perege wadogo waliojificha matopeni. Kisha nyunyiza chokaa ya shambani sakafuni na kwenye kingo, hasa katika nchi ya udongo mwekundu wenye uchachu, ungoje wiki moja au mbili, ndipo ufungue mfereji, mdomo wake ukiwa umefungwa kwa wavu wa matundu madogo ili samaki wa mtoni wasiingie.